Chama cha Wote, Kisicho na Mwenyewe

Karatasi ya kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu hapana. Ndivyo Wakongo walivyopigishwa kura ya urais mwaka 1970, mgombea akiwa mmoja tu, Mobutu. Zikatangazwa kura za ndiyo zaidi ya milioni 10, za hapana 157 nchi nzima. Jumla ilizidi hata idadi ya walioandikishwa! Hesabu tamu kiasi hicho ingemtia mtu wasiwasi. MPR, chama chake kilichozaliwa mwaka 1967, kilishangilia.

Huku Bukavu, mashariki mwa nchi, gavana ndiye aliyekuwa mkuu wa chama, na chini yake amri zilishuka hadi Ibanda, Kadutu na Bagira. Kila raia alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa, apende asipende. Watu waliimbishwa na kuchezeshwa sifa za Kiongozi. Siku ya salongo, kazi ya umma ya lazima, wakashika majembe na mafagio. Aliyetaka cheo aliijua njia ya kupita. Aliyenung'unika alijua kuta zina masikio.

Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, yaani Wakongo kwa jina jipya la nchi. Vinono viliangukia wakubwa na jamaa zao. Wengi walikula faida, wakala na mtaji. Maduka yakabaki matupu, mashamba yakaota magugu. Mshahara nao ukakosa maana, hata wanajeshi wakapora miji mwaka 1991 na 1993. Chama kilikuwa kikinunua utii kwa vyeo na mali, na sasa mfuko ulikuwa mtupu.

Oktoba 1996, waasi wa AFDL na jeshi la Rwanda walipoukaribia mji wa Bukavu, askari wa Mobutu walipora na kukimbia. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, ambaye hakuwa na bunduki wala cheo cha chama, alibaki na watu wake. Akauawa Nyawera, humo mjini, tarehe 29. Kesho yake mji ukaanguka. Mji mzima uliwahi kuhesabiwa wanachama, lakini hakuna aliyetoka kukitetea chama. Kilikuwa kimewafundisha somo moja kwa karibu miaka 30: mwenye nguvu mpishe. Alipokuja mwenye nguvu zaidi, wakampisha yeye.

Waliofuata nao hawakujifunza. RCD, kundi jingine la waasi, iliushika mji mwaka 1998, ikaweka magavana wake na watoza kodi wake. Mwaka 2006 wananchi walipopiga kura yenye wagombea wengi, mgombea wake, Azarias Ruberwa, hakufikisha asilimia 2 nchi nzima.

Kwa hiyo anayejenga chama leo asihesabu makofi ya mkutanoni wala kofia alizogawa. Ahesabu wanaothubutu kumwambia hapana usoni, kisha kesho wakarudi kikaoni. Hao ndio atakaowakuta siku mfuko utakapokauka.