Ramani Ipi Itakufikisha Namugongo?



Wapendwa vijana, somo letu leo ni Mt 2:1-12, safari ya Mamajusi. Lisome kwanza, halafu turudi hapa.

Huku kwetu Mkuyuni kuna vijana wanaota kwenda Namugongo kwa miguu, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Si mchezo! Unapita Nyegezi, Buhongwa na Usagara, unavuka Kigongo, unashika Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, Bukoba, Mutukula, Masaka, mpaka ufike. Ni zaidi ya kilomita 600. Ukienda kilomita 25 kwa siku, ni zaidi ya wiki tatu. Kwa safari hiyo lazima uchague ramani, na katika kuichagua kuna la kujifunza kuhusu roho zetu.

Kwanza, tazama kipimo. Kwenye ramani ya ukutani ya 1:2,000,000, sentimita 1 ni kilomita 20. Yaani siku nzima ya jua na malengelenge inaishia kwenye upana wa kidole! Hiyo inakuonyesha unaelekea wapi, basi. Ramani ya 1:50,000 inakuonyesha mto, kilima na kijiji, lakini karatasi moja inafunika kama kilomita 27 tu kila upande. Unazihitaji zote mbili. Wapo kati yetu wenye ndoto kubwa ya utakatifu ila hawajui Jumatatu wataamka saa ngapi kusali. Wapo pia wenye ratiba ya kila saa, lakini ukiwauliza maisha yao yanaelekea wapi, kimya.

Pili, uliza imechorwa lini. Ramani ya kabla ya Juni 2025 itakupeleka kusubiri kivuko pale Kigongo, wakati leo kuna daraja la kilomita 3 mpaka Busisi. Haikudanganya, imepitwa tu. Ndivyo ilivyo kwa kijana wa miaka 23 anayetaka kujibu maswali ya mahusiano, fedha na kazi kwa mafundisho aliyoyapata akijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Yale mafundisho ni ya kweli, lakini akili yako imekua. Rudi ujifunze tena!

Tatu, uliza nani kaichora, na kwa ajili ya nani. Ramani ya simu mara nyingi itakupa njia ya gari usipoiambia kwamba unatembea. Chagua alama ya mtembea kwa miguu, pakua ramani ungali na bando, kisha bado uwaulize wenyeji maji yako wapi na parokia ya kulala iko wapi. Mwaka 1856 ilitoka ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann iliyoyaunganisha maziwa yetu makubwa kuwa ziwa moja lenye umbo la konokono. Walikuwa wamekusanya maneno ya watu wa misafara, lakini ziwa lenyewe hawajaliona. Sisi nasi tunachukua picha ya ndoa, ya upadre, hata ya Mungu, kwa watu wa mitandaoni ambao huko hawajafika. Mbona humwulizi bibi yako aliyeishi ndoa miaka 50?

Plato, katika kitabu chake Meno, anamtaja mtu mwenye wazo sahihi tu kuhusu njia ya kwenda Larisa: anaweza kukufikisha sawasawa na aliyeipita. Tatizo ni kwamba wazo lisilofungwa kwa sababu hutoroka. Imani ya kusikia nayo hufikisha, ila ifunge kwa sala na mafundisho, isije ikakutoroka kwenye njia panda ya kwanza.

Sasa turudi kwenye Injili. Herode alipouliza Kristo azaliwe wapi, makuhani na waandishi walijibu bila kusita: Bethlehemu. Walikuwa na ramani sahihi kuliko wote! Kutoka Yerusalemu hapafiki hata kilomita 10. Lakini Injili haituambii kwamba hata mmoja wao aliinuka. Waliofika ni wageni wenye nyota, waliokubali kuuliza njia. Hili linatuhusu hasa sisi wa seminari na wote tunaopenda kusoma: unaweza kuijua njia kwa moyo na usiitembee.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake walipelekwa Namugongo kutoka Munyonyo kwa miguu, wakauawa 3 Juni 1886. Njia ile hawakuichagua wao. Walikuwa wameshamchagua wanayemwendea.

Jiulize leo: ni hatua gani ninaijua tayari, ila sijainuka? Kuungama? Kumsamehe mtu? Kumwambia paroko kuhusu wito wangu? Chagua moja, uifanye wiki hii.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliye Njia, utupe mwanga wa hatua ya leo na miguu ya kuitembea. Amina.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee.