Ulimi wa Kukodi

Watu wengi huwaona mawakili kuwa ni watu wa kukodisha ulimi: leo anamtetea huyu, kesho anamtetea hasimu wake, na mara zote mbili anasema kwa uchungu uleule. Mawakili nao hujibu kwamba hakimu hawezi kutoa haki mpaka asikie pande mbili, na kwamba anayechukiwa na wote ndiye hasa anayehitaji wa kumsemea. Jibu hilo lina uzito. Lakini je, linamtosha wakili ambaye pia ni mwanasiasa, yaani mtu anayepanda jukwaani kuwaambia wenzake lipi ni haki na lipi ni dhuluma?

Tumchukue Abraham Lincoln. Kabla hajawa Rais wa Marekani mwaka 1861, alikuwa wakili wa mji mdogo kwa karibu miaka 25. Aliingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo la Illinois mwaka 1834, akajisomea sheria mwenyewe, akapata leseni mwaka 1836, na mwaka uliofuata akahamia Springfield. Kazi zake zilikuwa zile za mawakili wa miji kama hiyo: madeni, mipaka ya mashamba, talaka, na mara mojamoja kesi ya mauaji. Mara mbili kwa mwaka alifuatana na jaji wilaya hata wilaya, na safari hizo hizo zilimjulisha kwa wapiga kura. Uwakili na siasa vilikula sahani moja.

Msimamo wake juu ya utumwa haukuwa siri. Machi 1837, yeye na mjumbe mwenzake mmoja waliandika katika kumbukumbu za baraza kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na siasa mbaya. Mwaka 1841, katika shauri la deni la mtu aliyekuwa amemnunua mwanamke mweusi aitwaye Nance, Lincoln alimtetea mnunuzi aliyekataa kulipa. Mahakama ya juu ya jimbo ilikubali kwamba katika Illinois kila mtu huhesabiwa kuwa huru, hivyo ahadi ya kumlipia mtu huyo ilikuwa batili.

Miaka sita baadaye, alisimama upande wa pili. Robert Matson, mwenye watumwa kutoka Kentucky, alikuwa na shamba Illinois na alizoea kuwaleta watumwa wake huko kulima. Mwaka 1847 Jane Bryant, kwa kuhofia kurudishwa Kusini, alitoroka na watoto wake wanne. Matson alitaka mahakama imrejeshee. Mmoja wa mawakili wake alikuwa Lincoln, ambaye wakati huo alikwisha chaguliwa kuwa mbunge wa taifa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba watu hao waliletwa kwa muda tu, hawakukusudiwa kukaa. Mahakama ilikataa, na Jane na watoto wake wakawa huru.

Wako wanaomtetea Lincoln kwa kusema kwamba siku ile hakuzungumza kwa nguvu zake zote. Nionavyo mimi, utetezi huu unazidisha ubaya. Kama alilegeza ulimi kwa makusudi, alimdanganya mtu aliyemwamini. Kama hakulegeza, basi alijitahidi kuwarudisha watu watano utumwani. Mara wakili anapokwisha sema "nakubali", pande zote mbili zina miiba. Kwa hiyo mahali pa kuamua ni mlangoni, kabla ya kupokea kesi. Ukisha ingia ndani, dhamiri yako imekwisha funga mkataba.

Wengine watasema: mji mdogo hauna mlango wa kuchagua, wakili hula kile kinacholetwa na anayebisha hodi. Hapo kuna ukweli, lakini si wote wanaobisha hodi wako sawa. Mshtakiwa anayejikinga na mkono wa serikali, hata akiwa mwovu, anaomba asionewe. Matson hakuwa anajikinga na mtu yeyote. Aliiomba serikali imkamatie mama na watoto wake. Kumsemea wa kwanza ni kulinda haki ya kila mtu. Kumsemea wa pili ni kuazima nguvu kwa mwenye nguvu. Wahenga walisema, mtumikie kafiri upate mradi wako. Lakini methali hiyo haielezi nini kifanyike ikiwa mradi wa kafiri ni mtoto wa mtu mwingine.

Mwaka 1863 Lincoln, akiwa Rais, alitoa Tangazo la Kuwaachia Huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Wengi huliona tangazo hilo kama malipo ya yaliyopita. Sidhani. Matendo makubwa ya baadaye hayamrudishii Jane Bryant siku zile za hofu, wala siku zile hazilifuti tangazo. Kila moja lina hesabu yake.

Wala jambo hili si la mawakili peke yao. Mhasibu anayepanga hesabu za mwenzake, mwandishi wa hotuba za mkubwa, karani anayepiga chapa barua ya kumfukuza mjane nyumbani, wote huazima ustadi wao. Tusiwaulize tu kama kazi waliifanya vizuri. Tuwaulize waliifanya kwa ajili ya nani, na dhidi ya nani.