Shabaha na Kinachoshabihiwa

Kaskazini mwa Minnesota, katikati ya Januari, kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na kubaki hapo kwa siku kadhaa. Katika asubuhi ya Jumamosi ya namna hiyo, watu kumi na kitu hulala kifudifudi juu ya mikeka iliyotandikwa kwenye theluji, kila mmoja na bunduki yake ndogo, mkanda wa ngozi umeuzunguka mkono wake wa kushoto na kukazwa mpaka damu inalalamika. Mbele yao, mita 25, zimesimamishwa mbao zenye karatasi. Nyuma yao hutembea mkufunzi wa kujitolea, asiyelipwa chochote. Mafunzo haya ya siku mbili Wamarekani huyaita kliniki, neno ambalo kwa Mswahili huleta harufu ya dawa na foleni ya akina mama waliokwenda kuwapima watoto uzito. Huenda neno halikukosewa sana, kwa kuwa hapa pia kinachopimwa ni mwili, na maradhi yanayotafutwa ni ya mkono unaotetemeka.

Baridi hubadili kila kitu katika kazi hii. Bunduki iliyolala karibu na jiko hutokwa na umande, na ikitolewa nje umande huo huganda ndani ya mitambo yake. Ndiyo maana wazoefu huiacha kwenye ubaridi usiku kucha. Mafuta ya kulainishia huwa mazito kama asali. Pumzi ya mlengaji hutua juu ya kioo cha darubini na kukipofusha. Taabu kubwa kuliko zote ni kidole. Akivaa glavu nene hakihisi kifyatulio, akiivua kinakufa ganzi kwa dakika chache, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kama kimegusa au hakijagusa. Kanuni ya kwamba kidole kisiwe juu ya kifyatulio mpaka mtu amekwisha kulenga, ambayo wakati wa kiangazi ni suala la kukumbuka tu, hapa humtaka mtu akitazame kidole chake kwa macho, kana kwamba ni cha mwingine.

Kwa nini basi watu wazima, wenye nyumba zenye joto, walipe fedha zao ili wakae katika mateso hayo? Jibu la haraka ni kwamba anayeweza kulenga akiwa anatetemeka ataweza kulenga popote. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mtu akiwatazama vizuri ataona kwamba kufikia Jumamosi jioni, wakiwa wameketi kuzunguka chai na supu, wanazungumza kama watu waliotoka kuhiji. Wameteseka pamoja, na mateso ya pamoja yameipa kazi yao heshima ambayo haikuwa nayo asubuhi. Hapa ndipo swali la kimaadili linapoanzia, na huanzia kwenye kosa ambalo karibu kila binadamu hulifanya, yaani kudhani kwamba kilichomgharimu sana lazima kiwe chema. Baridi huivika shughuli yoyote joho la ibada. Lakini mwizi anayekesha kwenye mvua naye huteseka, na askari wa dhalimu hutembea kwenye tope lile lile analotembea askari wa haki. Ugumu wa njia hauthibitishi wema wa safari.

Ni haki pia kusema kilicho chema katika mafunzo hayo, nacho si kidogo. Mtihani wao unaojulikana zaidi una risasi 40 na alama 250, na anayepata 210 ndiye anayehesabiwa kuwa amehitimu. Karatasi haimjali anayeipiga. Haimwangalii rangi, lafudhi, wala cheo, na haipokei udhuru. Vyuoni wanafunzi hubishana kuhusu alama, na wakati mwingine hushinda ubishi. Tundu lililo vidole viwili nje ya umbo halibishaniwi. Mtu hulazimika kukiri kwamba alikivuta kidole kwa hofu ya mlio, kisha alale tena kwenye theluji na kujaribu upya. Subira, ukweli juu ya nafsi, na umakini usiogawanyika ni tunu ambazo maisha ya simu na vioo yamezifanya adimu. Aliyejaliwa kuzipata kwa wikiendi moja hajapoteza fedha zake.

Ila umakini huo una siri ndani yake. Anayelenga kwa vionea vya chuma, bila darubini, hufundishwa kwamba jicho la mwanadamu haliwezi kuona vizuri vitu viwili vilivyo katika umbali tofauti kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ni lazima achague, na uchaguzi sahihi ni kuiona ncha iliyo mwishoni mwa mtutu kwa uwazi kamili na kuiacha shabaha iwe na ukungu. Pumzi hutolewa, na katika kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine kidole hukaza polepole, bila haraka, mpaka mlio utokee karibu kama jambo la kushtukiza. Asiyefanya hivyo hukosa. Maana yake ni kwamba, katika nukta ile ile ambapo tendo linatimia, kile kinachotendewa ndicho kinachoonekana vibaya kuliko vyote.

Wanafalsafa wa kale waliupenda mfano wa mlengaji. Aristotle, mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili kiitwacho kwa jina la Nicomachus, aliuliza kama kuijua heri ya mwisho hakutatusaidia kuishi, kama wapiga mishale wenye alama ya kulenga. Kwake alama ndiyo inayoanza, lazima ionekane. Wastoa waliupindua mfano huo. Katika maelezo aliyotuachia Cicero, mpiga mshale hufanya kila lililo katika uwezo wake ili kulenga sawasawa, na hilo la kufanya yote ndilo lengo lake la mwisho. Mshale ukipata au ukikosa si hoja, maana upepo si wake. Kliniki ya Minnesota ni ya Kistoa kabisa. Mkufunzi husema: usiifikirie shabaha, fikiria mwili wako, pumzi yako, kidole chako. Kama mbinu, hakuna ushauri bora. Kama falsafa ya maisha, ni nusu ya ushauri tu, na nusu iliyokosekana ndiyo yenye hatari.

Mfano wa hatari hiyo upo. Eugen Herrigel, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyefundisha Sendai nchini Japani katika miaka ya 1920, alijifunza huko kupiga upinde, na mwaka 1948 akachapisha kitabu kidogo kuhusu Zen na sanaa hiyo, kitabu ambacho kimesomwa na mamilioni na kupendwa na wengi wenye nia njema. Humo alieleza jinsi mpigaji anavyojisahau mpaka mshale unaachiliwa wenyewe. Kilichosahauliwa na wasomaji wengi ni kwamba mtu huyu aliyejifunza kuifuta nafsi yake alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937. Utulivu aliotoka nao Japani haukumzuia. Haiyumkiniki kusema ulimsukuma huko. Lakini yatosha kwamba haukuwa na neno lolote la kumwambia.

Lugha ya Kiswahili inajua kuhusu jambo hili zaidi ya wengi wanaoizungumza. Neno shabaha limetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kufanana, mzizi ule ule uliotupa kushabihi na kushabihiana. Kwa hiyo anayelenga shabaha, kwa asili ya neno lenyewe, analenga mfano: kitu kinachosimama badala ya kitu kingine. Anayelenga kila mara angeweza kuulizwa, mfano wa nini?

Karatasi za kliniki hujibu swali hilo bila kuficha. Juu yake kuna maumbo meusi ya kichwa na mabega, makubwa na madogo, yaliyopimwa ili lililo kubwa lionekane kama mtu aliyesimama yadi 100 na lililo dogo kama aliye yadi 400. Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika mchezo wa baithloni, ambao nao huchezwa kwenye theluji na mapigo ya moyo yaliyopanda, shabaha zilizo mita 50 ni duara tupu, zenye upana wa milimita 45 kwa anayelala na 115 kwa anayesimama. Hazifanani na kiumbe chochote. Historia ya kutoka kwenye duara kwenda kwenye kiwiliwili yajulikana. Mwaka 1947 S.L.A. Marshall, mwandishi wa kijeshi wa Marekani, alidai kwamba katika vita vilivyokuwa vimekwisha punde askari wengi walioko mstari wa mbele hawakufyatua risasi hata moja. Watafiti waliofuata wamezitilia shaka takwimu zake, na kwa sababu za maana. Hata hivyo katika miaka ya 1950 jeshi hilo lilianza kuwafundisha askari wake kwa maumbo ya watu yanayochomoza ghafla kutoka ardhini. Duara lilifundisha kulenga. Umbo lilinuiwa kufundisha kulenga mtu bila kusita. Kusita ndiko kulikoonekana kuwa kasoro ya kurekebishwa.

Waungaji mkono watasema karatasi ni karatasi. Simo Häyhä, mkulima wa Finland, naye alianza kwa karatasi katika kikosi cha raia wa kujitolea. Baridi ya mwaka 1939 ilipoleta uvamizi wa Kisovieti, anahesabiwa kuwa aliua zaidi ya watu 500 katika siku zisizofika 100, mpaka yeye mwenyewe alipopigwa risasi ya taya. Nchi yake ilikuwa imevamiwa, na si rahisi kumhukumu. Lakini mtu hawezi kushika hoja zote mbili kwa pamoja, kwamba karatasi ni karatasi tu na kwamba karatasi ndiyo iliyoiokoa Finland.

Mojawapo ya mashirika yanayoendesha mafunzo haya, Project Appleseed, hufundisha pamoja na ulengaji habari za tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza huko Lexington na Concord. Ni wazo la busara: wanaojifunza chombo wasikie pia kilitumika kwa nini. Ila historia hiyo ina mambo ambayo msikilizaji kutoka kwetu angetaka yakaliwe zaidi. Miongoni mwa waliojeruhiwa Lexington alikuwamo Prince Estabrook, mtu mweusi aliyesimama katika mstari wa wapigania uhuru ilhali yeye mwenyewe kisheria alikuwa mali ya mtu. Na Concord, baada ya mapigano ya darajani, askari mmoja wa Kiingereza aliachwa chini akiwa na jeraha. Nathaniel Hawthorne, aliyekuja kuishi katika nyumba iliyo kando ya uwanja ule, alisimulia katika maandishi yake ya mwaka 1846 habari alizozisikia za kijana aliyekuwa akipasua kuni, akaja mbio na shoka mkononi. Majeruhi akainuka kwa magoti, akamtazama, na kijana akampiga. Hawthorne alikiri kwamba kisa hicho kilimgusa kuliko yote ambayo historia husema juu ya vita vile, na kwamba alitamani kumfuata kijana yule maishani mwake aone roho yake iliteswaje.

Tofauti kati ya shoka lile na bunduki ya mita 400 haimo katika matokeo. Imo katika ukungu. Kijana wa Concord aliuona uso, na Hawthorne hakuweza kuamini kwamba uso ule ulimwacha.

Miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi leo katika majimbo hayo ya baridi wako wengi waliotoka Kivu, Kongo ya mashariki, ambako mlio wa bunduki si habari ya mwaka 1775. Mtu wa namna hiyo akialikwa na mfanyakazi mwenzake kwenye kliniki, kwa ukarimu wa kweli, asikatae kwa dharau wala asikubali kwa aibu. Anacho cha kuleta. Waliomwalika wameiona bunduki kutoka upande wa kitako. Yeye anaijua kutoka upande wa mtutu. Waswahili waliposema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, walizungumza juu ya pande hizo mbili za chombo kimoja. Tena asijifanye kwamba upande wa kitako ni wa wageni. Tippu Tip aliyapenya maeneo hayo hayo kwa misafara yenye silaha, na moja ya maelezo ya jina lake hulihusisha na mlio wa bunduki. Lugha hii imewahi kuwa pande zote mbili.

Pengine kilicho bora kuliko vyote katika mafunzo yale si ulengaji wenyewe. Ni kanuni ya kusimamisha. Amri ya kuanza kufyatua hutolewa na mkufunzi peke yake, lakini amri ya kuacha yaweza kutolewa na yeyote: mtoto wa miaka kumi aliyekuja na baba yake, au mgeni aliyefika asubuhi hiyo na hajui hata jina la sehemu za bunduki. Akipaza sauti aseme acheni, mstari mzima huacha papo hapo, na hakuna anayemuuliza kwanza sababu. Haihitajiki hoja iliyokamilika. Inatosha kwamba mtu mmoja ameona kitu mbele ambacho wengine, kwa kuitazama ncha ya mtutu, hawakukiona.

Jumapili saa kumi jioni jua huwa limekaribia kuzama. Karatasi hung'olewa kwenye mbao, zikakunjwa, nyingine zikiwa na barafu pembezoni. Maganda ya shaba ni vigumu kuyaokota. Kila moja lilitoka bundukini likiwa na moto, likatoboa theluji na kuzama. Wahusika huyaacha hapo hadi Aprili, theluji itakapoyeyuka.