Masanduku Yaliyo Njiani

Katika miaka ya 1940, Bukavu ilipokuwa ikiitwa Costermansville, mzigo wa mgeni atokaye Ubelgiji uliweza kupitia Dar es Salaam, ukapanda gari la moshi hadi Kigoma, ukavuka Ziwa Tanganyika mpaka Uvira, halafu ukapandishwa milimani kwa motokari. Miezi ilipita. Mwenyewe alikuwa amekwisha fika.

Mfikirieni mtawa mgeni katika nyumba tupu. Aliambiwa Afrika ni nchi ya joto. Blanketi zake akazifungia sandukuni. Kumbe Bukavu iko juu, yapata meta 1,500, na usiku baridi ya Ziwa Kivu huingia mpaka mifupani! Mama jirani akaja na blanketi, na mkeka, na chungu cha maharagwe. Mtawa akaona haya. Alikuja kutoa, naye sasa anapewa.

Haya hiyo yatoka wapi? Mara nyingi ni kiburi kilichovaa nguo ya adabu. Yezu alipowatuma wale sabini na wawili, aliwakataza mfuko na viatu, akawaagiza kula walichoandaliwa. Si kwamba hazina yake ilipungua; alitaka waingie nyumbani mwa watu kama wenye haja. Alaye katika chungu cha jirani hujua majina ya watoto wake.

Siku moja masanduku hufika. Sahani zimo, saa imo, blanketi zimo. Mama jirani asimama mlangoni, amerudishiwa blanketi lake limekunjwa vizuri, naye angoja kusikia kama ataambiwa karibu.