Nyumba ya Mgeni katika Chuo Kikuu

Chuo kikuu cha umma hutangaza kwamba mlango wake u wazi kwa kila kijana mwenye sifa, awe ametoka pwani au bara, mjini au shamba. Neno hili ni jema, na kwa sehemu kubwa ni la kweli. Lakini kufunguliwa mlango na kukaribishwa ni mambo mawili. Mtu aweza kuandikwa jina katika daftari, akapewa kitanda na ratiba ya masomo, akakaa miaka mitatu na kuhitimu, asiwe hata siku moja ameulizwa habari za kwao na mtu mwenye nia ya kujifunza kitu kwake. Basi swali linalostahili kufikiriwa ni hili: je, chuo kina wajibu wa kumwekea mwanafunzi wa namna hii mahali pa utamaduni wake, ambapo lugha yake, jina lake na desturi za kwao si kichekesho wala siri? Au mahali kama hapo ni mbegu ya ukabila, ambao taifa lilitoka jasho katika kuung'oa?

Kijana atokaye wilaya za Karagwe na Kyerwa aweza kuwa mfano wa kulifafanua swali hili. Wilaya hizo zi katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mkoani Kagera. Zamani zilikuwa wilaya moja. Kyerwa ilipata kuwa wilaya peke yake mwaka 2012. Kwa upande wa magharibi mto Kagera huzitenga na Rwanda, na kaskazini ya Kyerwa ni Uganda. Kutoka Kayanga hata Dar es Salaam ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, umbali wa barabara ndio mdogo katika umbali wote anaousafiri kijana huyo. Mtoto wa Kinyambo hujifunza kusema Runyambo kwa mama yake. Aingiapo shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo sekondari, na baadaye chuo kikuu, hufundishwa kwa Kiingereza. Huvuka mipaka miwili ya lugha kabla ya kufika katika ukumbi wa mihadhara, na katika kila mpaka huacha nyuma sehemu ya ufasaha wake. Akiisha kufika, aghalabu hunyamaza. Mwalimu hudhani kwamba hajui. Wenziwe hudhani kwamba ni mshamba au ana maringo. Naye mwenyewe, baada ya muda, huanza kuyasadiki yale wanayoyadhani. Hiyo ndiyo hasara kubwa, kwa sababu mtu aliyekosa jibu aweza kulitafuta kesho, lakini mtu aliyekwisha kusadiki kwamba hana la kusema hatafuti tena.

Yamkini mtu atasema kwamba dawa ya jambo hili ni fedha. Hakuna haja ya kuidharau fedha. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za kata hata vijijini, na katika mwaka huo huo ilipitishwa sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kwa njia hizo watoto wengi wa wakulima wa kahawa na migomba wamefika mahali ambapo wazee wao hawakuota kufika. Lakini mkopo hulipa ada na chakula, haulipi upweke. Wala haumfundishi kijana jinsi ya kumwendea mwalimu bila ya hofu, au jinsi ya kuuliza swali mbele ya watu mia mbili katika lugha ya tatu. Mambo haya mtoto wa nyumba yenye wasomi huyapokea mezani kwa baba yake bila ya kujua kuwa ameyapokea. Mwingine sharti ayapate kwa watu waliomtangulia katika njia ile ile, tena mahali anapoweza kukiri kwamba hajui pasipo kuchekwa.

Mataifa mengine yamelijibu swali hili kwa vitendo. Nchini Marekani, vijana wa asili ya Meksiko, Puerto Rico na nchi nyinginezo za Amerika ya Kilatini waliona ya kuwa vyuo vikuu vimewafungulia mlango bila ya kuwakaribisha. Walidai mahali pao, wakapata. Chuo Kikuu cha Illinois mjini Urbana kiliwafungulia nyumba ya utamaduni mwaka 1974, na miaka miwili baadaye chuo kikuu cha umma cha Illinois kilichoko Chicago kikafungua kituo kama hicho. Kituo cha namna hiyo si ukumbi wa ngoma na vyakula tu. Humo mwanafunzi mpya hukutana na aliye mwaka wa nne. Hupata mshauri anayejua kwa nini mama yake hawezi kuisoma barua itokayo chuoni. Hufanya kazi yake ya masomo karibu na wengine. Kisha hurudi darasani akiwa amenyooka mgongo. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba kituo kimewekwa ndani ya chuo wala si nje yake, nacho hupimwa kwa mafanikio ya mwanafunzi katika masomo yale yale wanayofundishwa wenziwe wote.

Lakini Tanzania si Marekani, na mtu mwenye kuutetea umoja wa taifa ana hoja nzito. Nchi hii ina makabila zaidi ya 120, na amani iliyo kati yao haikushuka kama mvua. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria, na katika mwaka huo huo Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa, vijana wa kila upande wale chungu kimoja. Wanafunzi wa sekondari walipelekwa mikoa ya mbali ili wajuane na wasiokuwa ndugu zao. Baada ya sensa ya mwaka 1967 serikali iliacha kuwauliza wananchi kabila zao katika kuwahesabu. Kiswahili kikawa nyumba ya wote. Mwenye hoja huuliza: ikiwa leo Wanyambo watapewa chumba chuoni, kesho kila kabila litadai chumba, na kesho kutwa kila chumba kitadai mgombea wake wa uongozi, na ajira zitafuata njia hiyo hiyo. Jirani wa mpaka anajua jinsi hadithi kama hiyo inavyoweza kwisha. Mwaka 1994 watu wa Karagwe waliwapokea wakimbizi wa Rwanda, na waliona kwa macho yao mahali panapoweza kuwafikisha wanadamu wanaogawanywa kwa asili zao.

Hoja hii haifai kupuuzwa, yafaa ipimwe. Inakataza nini hasa? Inakataza upendeleo: cheo, kazi au alama kutolewa kwa sababu ya ukoo. Haikatazi mtu kuwa na kwao. Wazee hawakuwa wajinga waliposema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Na historia ya umoja wenyewe inashuhudia kwamba vyama vidogo vya wenyeji wa mahali pamoja havikuwa vyote maadui wa taifa. Bukoba Bahaya Union ilianzishwa mwaka 1924, kabla ya African Association ya mwaka 1929. Julius Nyerere alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, baada ya kuingia huko mwaka 1943, yeye na wenzake, Andrew Tibandebage akiwa miongoni mwao, walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Walikuwa wageni katika chuo cha nchi nyingine. Walihitaji mahali pa kujuana na kusaidiana. Lakini hawakuishia hapo. Chama chao kiliingia katika Tanganyika African Association, nayo TAA ikazaa TANU mwaka 1954. Waliokutana kwa sababu ya kutoka mahali pamoja walijifunza kwanza kuaminiana, kisha wakatumia imani hiyo kujenga kitu kilicho kikubwa kuliko wao. Basi haitoshi kuuliza iwapo nyumba ni ya watu fulani. Yapasa kuulizwa waingiao humo hutoka wakielekea wapi.

Tena kunyamazisha swali la asili si sawasawa na kulimaliza. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma ili kuwaondoa wahamiaji wasiokuwa na kibali, na maelfu ya watu walivuka kuingia Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo waliosema kwamba walizaliwa Tanzania au wameishi nchini miaka mingi. Dola ina haki ya kulinda mpaka wake. Lakini kijana wa Kyerwa ambaye jina lake au matamshi yake hufanana na ya ng'ambo ya mto amejifunza kutokana na mambo kama hayo kwamba asili yake ni kitu cha kutolewa maelezo. Huja chuoni na hofu hiyo moyoni. Akisikia kwamba katika chuo hakuna Mnyambo wala Mzaramo, bali wanafunzi tu, hapati amani. Husikia kwamba yampasa kuficha. Umoja wa watu wanaojificha ni mwepesi kuvunjika, kwa maana hakuna anayemjua mwenziwe.

Hata hivyo mahali pa utamaduni paweza kukosea kwa njia nyingine. Paweza kuwa ghala la vitu vya kale. Karagwe ilikuwa na wafalme wa ukoo wa Bahinda, na mji wao mkuu ulikuwa Bweranyange. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme, yenye ng'ombe na wanyama wengine waliofuliwa kwa chuma na shaba, kazi ya ustadi mkubwa. Ni haki ya kijana wa Kinyambo kuyajua hayo na kuyaonea fahari. Lakini vitu hivyo vilikuwa vya enzi, na wengi wa raia hawakuwa watu wa enzi. Walilima, walifua chuma, walichunga. Nyumba ya utamaduni inayokumbuka ikulu na kumsahau mwanamke aliyepalilia migomba humfundisha mtoto wa mkulima kwamba hata kwao yeye ni mgeni. Wala Karagwe na Kyerwa za leo si za Wanyambo peke yao. Wamo Wahaya, Wanyarwanda, Wahangaza na wengine waliokuja kulima, kufuga na kufanya biashara. Kwa hiyo mlango wa nyumba hiyo usiwe na bawabu wa kuuliza ukoo. Yeyote atakaye kujifunza mambo ya nchi ile, hata akiwa Mngoni au Mpemba, na aingie.

Kisha liko jambo lililo kubwa kuliko yote. Msaada unaompa mtu bila ya kumwomba kitu humfanya mwombaji. Mithali ya Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyeitunga hakusema mgeni njoo, upone. Uponyaji aliuweka kwa mwenyeji. John Speke na James Grant walipofika Karagwe mwaka 1861, mfalme Rumanyika aliwapokea kwa wema. Na Speke alipoendelea na safari ya Buganda, Grant aliyekuwa mgonjwa wa mguu alibaki akitunzwa. Lakini Rumanyika hakuwalisha tu. Aliwauliza maswali mengi juu ya dunia waliyotoka, akataka kujua wayajuayo. Hivyo aliwafanya wageni wake kuwa watu wenye kitu mkononi.

Chuo kikuu nacho kingeweza kumfanyia hivyo kijana atokaye nchi ya Rumanyika. Mfano wake upo. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mradi wa Lugha za Tanzania, na mwaka 2005 ikatokea sarufi ya Runyambo iliyoandikwa na Josephat Rugemalira. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Israel Katoke alitoa historia ya ufalme wa Karagwe. Vitabu hivi viwili vina faida kwa Wanyambo, lakini havikuandikwa kwa kuwahurumia. Elimu yenyewe ilikuwa na upungufu, nao ukapungua kwa sababu lugha na kumbukumbu za Karagwe zilikubaliwa kuwa maarifa. Katika chuo chenye kuona hivyo, yule kijana aliyenyamaza ukumbini aweza kuwa ndiye mwenye kujua sauti ya neno, jina la mti wa dawa, au sheria ya urithi wa shamba la migomba, ambayo profesa huitafuta. Siku atakapoulizwa, atasema. Na akiisha kusema lile alijualo, ulimi wake utakuwa mwepesi kuuliza lile asilolijua.

Kwa hiyo wajibu wa chuo ni wa kweli, nao si wa hisani. Ni wajibu wa kuweka mahali, walimu na wakati, ili mwanafunzi wa mbali aingie katika elimu akiwa mtu mzima wala si nusu ya mtu. Naye mwanafunzi ana wajibu ulio sawa na huo. Asiifanye nyumba hiyo kuwa kichaka cha kujificha na wenziwe wa kwao dhidi ya watu wa pande nyingine, wala ngazi ya kupandia vyeo. Aitumie kama mgeni mwema atumiavyo baraza: apumzike, ale, aseme na wenyeji yale aliyokuja nayo, kisha ainuke aingie ndani kufanya kazi. Na chuo kikitaka kujua kama nyumba hiyo imefaulu, kisihesabu ngoma zilizochezwa humo. Kiwahesabu wale walioingia wakiwa kimya, ambao sasa husikika katika madarasa yake yote.