Aliyebaki Nje ya Lango

Desemba iliyopita binamu yangu alikuja Bukoba kwa siku saba kutoka Dar es Salaam. Ratiba alikuwa ameiandika kwenye simu: siku mbili hifadhi ya kisiwa cha Rubondo, siku mbili hifadhi ya Burigi-Chato, zilizobaki kusalimia ndugu. Akapanga chumba kwenye loji moja ya ufukweni, kibaraza kikitazama kisiwa cha Musira. Siku ya kwanza alipumzisha mgongo. Ya pili akasema boti haikimbii. Ya tano ilimkuta kwenye kiti kile kile cha plastiki, samaki na ndizi mbele yake, anahesabu mitumbwi ya Nyamukazi. Aliporudi kazini hana hata picha ya tembo, wenzake walimuuliza: "Sasa ulikwenda kufanya nini?"

Swali lenyewe si la kipuuzi. Anayekwenda sokoni hutazamiwa kurudi na kikapu. Tumezoea kuamini kwamba kila mahali pana kitu kimoja cha kuendea, kitu hicho kina lango, lango lina kiingilio, na asiyelipita hakufika. Utalii umejengwa juu ya imani hiyo, ingawa hata kwa wenye biashara yao inavuja. Huko Florida, Marekani, kampuni ya Disney ilifungua bustani ya burudani ya Animal Kingdom mwaka 1998, kisha mwaka 2001 ikafungua jirani yake hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Humo mna mgahawa unaoitwa Boma na mwingine unaoitwa Jiko, na nje kuna uwanda wa majani walioupa jina la Uzima, ambako twiga na pundamilia hula huku wageni wakiwatazama kutoka vyumbani. Wapo wanaolipia chumba, wakakaa, wakaondoka bila kukata tiketi ya bustani. Kiswahili chetu kimevushwa bahari kwenda kupamba Afrika ya kutengenezwa, na kuna mtu inamtosha akiwa kibarazani. Binamu yangu, aliyekuwa na ziwa lenyewe miguuni, tumcheke kwa lipi?

Na hakukaa bure. Kufikia siku ya nne alijua ni saa ngapi Musira hufunikwa na ukungu na ni saa ngapi hufunuka. Usiku usio na mwezi aliziona taa za wavuvi wa dagaa zikijipanga majini kama mtaa mwingine wa Bukoba uliohamia ziwani. Sisi tuliozaliwa hapa tumekiona kisiwa hicho kila siku ya maisha yetu na wengi hatujawahi kukikanyaga, lakini hakuna anayethubutu kutuambia kwamba hatukijui.

Hata hivyo, kumtetea kwa pupa ni hatari, maana utetezi huo huo aliutumia sungura wa hadithini. Aliruka, akayakosa matunda, akaenda zake akiyaita mabichi. Sungura naye alibaki nje. Ukimtazama yeye na binamu yangu kwa macho tu, huwezi kuwatofautisha, kama ambavyo huwezi kumtofautisha aliyefunga na aliyelala njaa. Saa kumi jioni matumbo yao yote ni matupu. Lakini mmoja alikuwa na chakula, akakiweka kando kwa hiari yake. Mwenzake hakuwa nacho. Kiswahili hakikuwachanganya watu hawa. Mmoja kaacha, mwingine kakosa. Hila ya sungura ni kukosa kisha kujiita aliyeacha.

Tutawajuaje, basi? Nadhani kipimo kiko kinywani. Sungura analazimika kuyatukana matunda, kwa sababu bila tusi hilo aibu yake itaonekana. Aliyeacha kweli hana deni hilo; anaweza kukisifu alichokiacha na asipungukiwe na kitu. Mgeni wa chumba cha pili alipomuuliza binamu yangu kama inafaa kwenda Rubondo, alimwambia aende bila kusita, akampa na namba ya mwenye boti aliyokuwa ameihifadhi kwa safari yake mwenyewe. Hapo nikaamini kwamba yeye si sungura.

Siku ya sita tulipanda Hiace kwenda Muleba kumpa shangazi shikamoo yake. Kabla ya habari yoyote tuliletewa amwani, zile buni za robusta zinazochumwa, zikachemshwa na majani ya harufu nzuri, kisha zikaanikwa juani. Unapasua ganda kwa meno, unatafuna polepole, na uchungu unakuja kwanza kabla ya kitu kingine. Kwetu mgeni anahesabiwa amefika pale anapopewa hizo mkononi. Binamu yangu, akiwa na furaha ya mtu aliyegundua falsafa likizoni, akamweleza shangazi raha ya kuwa karibu na kitu bila kukiingia. Kisha akauliza: "Na wewe shangazi, umewahi kuingia Burigi?"

"Sijawahi."

"Kwa hiyo na wewe umeridhika kukaa pembeni tu."

Shangazi akatema ganda kiganjani. "Mwanangu, mimi sijaacha. Sijawahi kuulizwa."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku ile. Burigi-Chato ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 4,700, ikigusa na wilaya ya Muleba. Shangazi amekuwa jirani yake tangu ikiwa pori. Kwake yeye, lango lile maana yake ni nauli, kiingilio, gari la kukodi, na siku nzima kibanja chake cha migomba kikikosa mkono wake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpongeza kwa kufunga, maana sahani haijawahi kuwekwa mbele yake.

Ziwani wapo waliobaki nje kwa njia nyingine kabisa. Rubondo ilikuwa na wenyewe, wavuvi walioitwa Banyarubondo. Katika miaka ya 1960, kisiwa kilipofanywa pori la akiba, walihamishiwa visiwa vingine na nchi kavu. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Kati ya mwaka 1966 na 1969, mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek alipeleka huko sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Tembo na twiga nao waliletwa. Msitu umesimama na sokwe wamezaana, hilo ni jema na tulishukuru. Lakini wavuvi wale hawakuacha wala hawakukosa. Walitolewa, kama sokwe walivyoingizwa, na sidhani kama kuna upande ulioulizwa.

Kwa hiyo kuwa nje ya lango si hali moja. Kuna aliyeacha, kuna aliyekosa, kuna aliyetolewa, na wote wanaweza kuketi ufukwe mmoja wakitazama maji yale yale. Uhuru ni wa yule wa kwanza peke yake, tena ni wake kwa sababu lango lilikuwa wazi kwake.

Najua atatokea mtu wa kusema kwamba shangazi hana alichopoteza: ana hewa safi, ana migomba, ana utulivu ambao wengine wanauvukia bahari. Yote ni kweli, na yote ni maneno ya sungura, ila safari hii sungura anamsemea mwenzake. Kumwambia mtu kwamba matunda asiyoyafikia ni mabichi, huku wewe unayafikia, ni kosa kubwa kuliko la sungura mwenyewe. Yeye angalau alijidanganya mwenyewe.

Siku ya kuagana binamu yangu alimwahidi shangazi kwamba Desemba ijayo wataenda Burigi pamoja, gari na kiingilio juu yake. Shangazi alicheka, akasema ataangalia kama kibanja kitamruhusu. Naomba ahadi hiyo itimie. Wafike wote wawili mpaka langoni, na shangazi akitaka kubaki hapo nje, chini ya mti, anatafuna amwani zake mpaka mwenzake atoke, hapo na yeye tutasema ameacha.