Nani Ampe Mgema Alama?

Kuna maneno mawili ambayo watu wetu huyatumia wanapotaka kuyafunga mazungumzo juu ya kinywaji. La kwanza ni kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. La pili ni kwamba kila mtu na ulimi wake. La kwanza latuonya tusisifu. La pili latuonya tusibishane. Mtu akiyashika yote mawili atakunywa maisha yake yote bila kutoa neno, na huenda wengine wakaiona hiyo kuwa ndiyo adabu. Mimi nimefanya kazi ya kutoa alama kwa miaka mingi kuliko kazi nyingine yoyote, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, na kwa sababu hiyo siwezi kuyapita maneno hayo bila kuyauliza maswali. Je, ladha yaweza kupewa alama? Na kama yaweza, ni nani mwenye haki ya kuitoa, na mwenye kuitoa anawajibika kwa nani?

Najua wapo wasomaji ambao dini yao imewakataza kileo, na hapa kwetu ni wengi. Siwaalika waonje. Nawaomba wafuate hoja tu, kwa kuwa swali hili la pombe ndilo lile lile la kinyago cha mchongaji, la chakula cha mwenyeji na la insha ya mwanafunzi.

Huku Kitangari, na hali kadhalika Newala, Tandahimba na Masasi, kinywaji cha msimu ni uraka. Korosho zinapokomaa, katika miezi ya mwisho ya mwaka, chini ya kila mkorosho hulala mabibo, mekundu na ya manjano. Korosho hunyofolewa ikaenda ghalani, bibo hubaki. Lina maji mengi na sukari nyingi, wala halikai, kwani siku moja au mbili likianguka huanza kuoza. Basi kina mama huyakusanya, wakayatwanga au kuyakamua, wakachuja maji yake na kuyaacha chomboni. Hapahitajiki hamira ya dukani, maana chachu imo katika ganda la bibo lenyewe. Baada ya saa chache maji yameanza kutoa povu. Kesho yake ni pombe kamili. Wala hapahitajiki maji ya kuongeza, na hilo ni jambo kubwa katika uwanda huu ambao tangu zamani umejulikana kwa shida ya maji, ambako mama zetu walishuka mabondeni kuyateka na kupanda nayo kichwani. Methali ya mgema inanukia pwani, kwenye minazi na visima. Kwetu sisi, mtu wa kutia maji katika pombe angekuwa anatia mali ndani ya mali.

Mkorosho wenyewe ni mgeni. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16, nao ukaenea pande zote mbili za Bahari ya Hindi. Kule Goa, nchini India, mabibo hayo hayo hukamuliwa, maji yake yakachacha, kisha yakapikwa na mvuke wake kukusanywa. Kinachopatikana katika mpiko wa kwanza, kilicho chepesi, huitwa urrak. Kilicho kikali zaidi huitwa feni. Msomaji ataona jinsi jina lile la kwanza linavyofanana na uraka wetu, ingawa wetu haupiti motoni. Mwaka 2009 feni ya Goa ilisajiliwa huko India kuwa bidhaa ya mahali pake, hata mtu wa kwingine asiwe na ruhusa ya kuuza chake kwa jina hilo. Uraka wa Kitangari hauna cheti. Shahidi wake ni ndimi za wanaounywa, na hapo ndipo suala la alama linapoanza.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa naye ni mwalimu, alikuwa na daftari. Msimu mzima alipita vilabuni akionja uraka wa kila mama na kuandika alama kati ya kumi. Alikuwa amesoma kwamba huko Uingereza wanywaji walianzisha mwaka 1971 chama cha kutetea bia zao za asili zisimezwe na viwanda vikubwa, na kwamba mwaka 1977 Mwingereza mmoja aitwaye Michael Jackson, siye yule mwimbaji, alichapisha kitabu kilichozipanga bia za dunia kwa aina zake. Siku hizi, alinieleza, kila kiwanda kidogo cha Ulaya na Marekani kina watu wanaoionja bia yake na kuipa alama. Nikamwuliza kwa nini basi ahangaike na uraka. Akanijibu: "Mwalimu, wenzetu bia zao zinaandikiwa vitabu, nasi tunakunywa cha mama zetu kimya kimya kama tunaiba." Jibu hilo lilinipendeza, na linanipendeza hadi leo. Kumpa mtu alama ni kukiri kwanza kwamba alichokifanya ni kazi.

Lakini mama mmoja aliposomewa alama yake, nayo ilikuwa sita, hakukasirika. Aliuliza tu: "Mwanangu, hiyo sita ni ya saa ngapi?"

Swali la mama huyo lilikuwa na elimu kuliko daftari zima. Bia ya kiwandani aghalabu huchujwa na kupashwa moto ili chachu ife. Ladha yake ya leo yakaribiana sana na ya mwezi ujao. Uraka u hai. Wa mapema ni mtamu kama sharubati. Wa alasiri umekwisha kupoteza utamu na kupanda ukali. Wa kesho yake umeingia ugwadu, na wako wazee wasiotaka mwingine ila huo. Kijana alipita kwa mama mmoja saa nne na kwa mwingine saa kumi na moja, akawapanga wa kwanza na wa pili kana kwamba walifanya mtihani mmoja. Alama hukaa pale ilipoandikwa, na kinywaji kinaendelea na safari yake. Anayetoa alama bila kutaja siku na saa ametoa ushahidi wa uongo, hata kama ulimi wake ulisema kweli.

Je, tuseme basi kwamba kila mtu na ulimi wake, tuyaache? La hasha. Mskochi David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, alikichukua kisa kilichomo katika Don Quixote cha Cervantes. Jamaa wawili waliombwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza alisema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili alisema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya chuma. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini yake ulionekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Ninachokipata mimi katika kisa hicho ni kwamba ulimi hufanya kazi mbili, na sisi tumezoea kuzichanganya. Kazi moja ni kupenda. Nyingine ni kutambua. Nisemapo "uraka huu siupendi", nimesema habari yangu mwenyewe, na hakuna wa kunipinga. Nisemapo "uraka huu una moshi", nimesema habari ya uraka, na mwingine aweza kuonja akanikubali au akanisahihisha. Lugha yetu imetupa maneno ya kutosha kwa kazi hiyo ya pili: utamu, ukali, uchungu, uchachu, ugwadu, ukakasi. Hilo la mwisho ndilo mtihani wa mgeni. Bibo lina ukakasi wake wa asili, unaoushika ulimi na koo. Asiyelijua bibo atadhani pombe imeharibika. Mwenyeji atajua kwamba hilo ndilo bibo lenyewe linasema. Kwa hiyo kila mtu ana ulimi wake, naam, lakini si kila ulimi umesoma.

Ubaya wa tarakimu ni kwamba huzifunga kazi hizo mbili katika kifurushi kimoja. Ile sita ilikuwa na nini ndani yake? Huenda chombo kilikuwa na harufu. Huenda kijana hapendi ugwadu. Mama hawezi kujua, na asipojua hawezi kutengeneza lolote. Walimu tulifundishwa kwamba anayesahihisha huwa na mwongozo mbele yake, na kwamba pembeni ya kosa huandikwa neno moja la kumwonesha mwanafunzi mahali alipokosea. Alama isiyo na neno pembeni ni hukumu isiyo na mashtaka.

Tena hukumu hii ina gharama. Korosho huuzwa kwa jina la mwenye shamba, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Fedha ya uraka huingia mkononi mwa mama, ikatoka kwa sabuni, chumvi na daftari za watoto. Nao uraka haungoji soko. Maneno yakienea asubuhi kwamba wa fulani ni mbaya, jioni anamwaga. Wa mihogo aweza kusubiri wiki hadi uvumi upite. Mwenye uraka hana wiki. Ndiyo maana watu wenye huruma hunyamaza.

Hata hivyo, huruma ya namna hiyo yapaswa kuchunguzwa. Mikorosho yetu hupuliziwa salfa na dawa nyingine dhidi ya ubwiri unga na wadudu, na dawa hizo huja katika vyombo ambavyo mtu mwenye shida huona hasara kuvitupa. Tuseme mnywaji ameonja akaona kijiladha kisicho cha bibo wala cha chachu. Huo ni ufunguo wa ndani ya pipa. Akinyamaza kwa kumwonea mama haya, amewauza wanywaji wengine wote, na mama mwenyewe pia, kwani naye huonja. Hapo wajibu una utaratibu: amwambie mwenye pombe kwanza, pembeni, kwa heshima, akitaja alichokitambua. Mama akimwaga, mambo yamekwisha, na hakuna haja ya mtu wa tatu kujua. Akiendelea kuuza, hapo ndipo neno liende hadharani. Anayeanzia hadharani ametafuta sifa, na anayeishia pembeni wakati watu wanaendelea kunywa ametafuta raha yake.

Wala ulimi usijidai kuwa hakimu wa kila kitu. Katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, huko Chitima, mwezi Januari 2015 watu walikunywa pombe ya nafaka baada ya mazishi, na 75 wakafa. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionesha baadaye kwamba ilikuwa sumu iliyotokana na bakteria katika unga wa mahindi ulioharibika, sumu isiyo na harufu wala ladha. Mama aliyeitengeneza pombe hiyo alikufa pamoja na wateja wake. Hakuna mwonjaji ambaye angeigundua, hata wale jamaa wawili wa pipa. Kilichohitajika ni macho juu ya unga kabla ya pombe kutengenezwa. Hali kadhalika gongo, ambayo kuipika bila kibali ni kosa kwa sheria yetu: spiriti ya viwandani ikichanganywa humo, mnywaji aweza kuisifu kwa ukali wake na asione kesho. Jijini Nairobi, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu mia moja.

Turudi kwenye swali la haki. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe kata. Yule mama wa Chitima anatufundisha kwamba kuonja huko hakuthibitishi usalama. Hata hivyo kunathibitisha jambo jingine, nalo ni kwamba mwenye kutoa amekubali kushiriki hatari na mwenye kupokea. Nadhani hapo tumepata kipimo cha mtoa alama pia. Ana haki ya kusema yule aliyeonja mwenyewe, aliyelipa bei kama wenzake, aliyetaja saa na sababu, na aliye tayari kuyasoma maneno yake mbele ya aliyeyaandikia. Asiyeweza kuyasoma mbele ya mama huyo ayafute.

Na yule mgema wa methali? Watu huitumia methali hiyo kama hoja dhidi ya sifa, lakini hebu tuitazame upya. Anayesifiwa pale ni mgema. Kinachotiwa maji ni tembo. Hakuna aliyelisifu tembo lenyewe, kwa kutaja utamu wake, povu lake na saa liliposhushwa mnazini. Sifa ilikwenda kwa mtu, na mtu akisifiwa kwa jina lake hana sababu ya kuogopa kikombe kinachofuata. Lau wangelisifu tembo la jana kwa sababu zake, mgema angejua kwamba la leo litaonjwa kwa sababu hizo hizo. Vivyo hivyo kwa lawama: mama aliyeambiwa "wewe hujui kutengeneza" hana la kufanya, lakini aliyeambiwa "leo mna moshi" atatafuta chombo kingine.

Basi kijana na aendelee na daftari lake, kwa kuwa kazi ya mama zetu inastahili kuandikwa. Ila apunguze tarakimu, aongeze maneno, na juu ya kila ukurasa aandike siku na saa.